Moshi wa Gari Kuukuu, na Yaliyotupata Njia ya Malolo



Kila msimu wa karafuu unapokaribia, suala moja hutufikia tena na tena: gari kuukuu la dizeli likianza kutoa moshi mwingi, je, yafaa kukata bomba la moshi, au kuondoa sailensa, au kuling'oa lile dude waliitalo masega, ili gari lipumue na kupata nguvu? Mafundi wengi husema yafaa. Sisi nasi tuliwasikiliza, na gari la Chama tukalifanya hivyo hivyo. Leo twaona ni wajibu wetu kuwaeleza yaliyotokea, ili asije mwingine akarudia kosa letu.

Gari lenyewe ni pikapu ya dizeli iliyopita umri wa miaka 20. Hewa ya bahari ilikuwa imekwisha kulila bomba lake la moshi, na sailensa ilikuwa imetoboka. Bei ya bomba zima ilitutisha. Fundi mmoja wa mjini akatushauri tulikate bomba chini ya bodi, mbele ya ekseli ya nyuma, tusahau habari za sailensa. Akazungusha na skrubu ya pampu ya dizeli kidogo, mafuta yaingie kwa wingi. Gari likanguruma kama simba, nasi tukafurahi kwa fedha tulizookoa. Moshi ulizidi, lakini tulijiambia kuwa gari la dizeli halikosi moshi.

Baada ya msimu kwisha, watu watatu wa kamati tulivusha gari kwa meli hadi Dar es Salaam, tukaenda Morogoro kuwatazama wakulima wa vilima vya Uluguru, ambako karafuu nazo hulimwa. Kutoka huko tulikuwa na ahadi ya kufika Malolo, katika wilaya ya Kilosa, kwa sababu dada wa mmoja wetu ameolewa huko na mkulima wa vitunguu. Dada huyo na wanawe wawili walikuja Mikumi kutupokea.

Kwa adabu ya kwetu, mama na watoto wangekaa mbele. Lakini dada alikataa kabisa. "Kaka, nyinyi ni wageni," alisema, "na huyo mzee mgongo wamuuma. Sisi tumezoea." Basi wakapanda nyuma. Jua lilikuwa kali, tukawafungia turubai juu na kando, upande wa nyuma tukauacha wazi. Tulidhani tumewafanyia hisani.

Anayeijua barabara ile ya kwenda Iringa anaijua milima ya Iyovi. Gari lilipanda kwa gia ya pili, nyuma ya malori marefu yaendayo Zambia. Katika kioo tuliona moshi mweusi umeifunika barabara. Tukawa twacheka, mmoja wetu akasema tumegeuka gari moshi. Punde tukasikia paa la kibini lagongwa kwa nguvu. Tuliposimama na kufunua turubai, mtoto mkubwa alikuwa anatapika. Mdogo, wa miaka minne, alikuwa amelegea mapajani mwa mama yake, macho yamefumba, akiitwa haitiki.

Tulimshusha upesi tukamlaza upande wenye upepo. Dakika zile zilikuwa ndefu mno. Hatimaye alifumbua macho, akaomba maji. Tukawaweka mama na watoto mbele, na wawili wetu tukapanda nyuma bila ya turubai. Kabla ya kufika nyumbani tuliwapitisha zahanati, wakatazamwa. Mungu alitunusuru.

Watu hustaajabu moshi uliingiaje humo, na hali gari lilikuwa laenda mbele na moshi watoka chini. Sababu ni hii. Gari liendapo, hupasua hewa, na nyuma yake huacha pengo. Hewa ya nyuma hukimbilia kulijaza pengo hilo, ikarudi mbele mpaka ndani ya turubai lililo wazi nyuma. Mdomo wa bomba ukiwa chini ya bodi, hewa hiyo huwa ni moshi mtupu. Na ndani ya moshi mna hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huishika damu na kuizuia isichukue oksijeni. Injini ya dizeli iliyo nzima hutoa hewa hiyo kidogo kuliko ya petroli, lakini ile iliyozidishiwa mafuta huitoa kwa wingi zaidi. Mtoto mdogo hupumua upesi kuliko mtu mzima, kwa hivyo yeye hudhurika kwanza.

Siku ya pili shemeji alituletea fundi wa pale Malolo, mtu mzima ambaye kazi yake kubwa ni kutengeneza mashine za kupampu maji ya mashamba. Tulimwonyesha bomba. Yeye hakulitazama. Alisema, "Wazee wangu, bomba ni mdomo tu. Mtu akikohoa, hamkati mdomo wake. Nifungulieni boneti."

Chujio la hewa lilikuwa limejaa vumbi hata mwanga haupiti. Akalitoa, akatuambia tununue jipya. Kisha akatafuta alama ya kiwandani kwenye skrubu ya pampu, akairudisha ilipokuwa. Akapapasa maungio ya manifoldi, akatuonyesha masizi meusi yaliyotapakaa: gasketi imeungua, moshi wavuja karibu kabisa na kibini. Hiyo nayo ikabadilishwa. Mwisho ndipo akaunganisha bomba na sailensa kuukuu aliyokuwa nayo, akalipeleka nje hadi nyuma ya bodi, likapita mlango wa nyuma kwa kiasi cha kiganja. Nozeli alisema hana chombo cha kuzipimia, tukazipime Morogoro. Tulipozipima, mbili kati ya nne zilikuwa zatiririsha mafuta badala ya kuyarusha kama ukungu. Gari lilirudi Dar es Salaam bila ya wingu la moshi nyuma yake, na kwa mafuta machache kuliko tulivyokwenda nayo.

Kwa hivyo, ndugu wanachama, jambo la kwanza ni kujua rangi ya moshi. Moshi mweusi maana yake ni mafuta mengi kuliko hewa: chujio limeziba, nozeli zimechoka, pampu imezidishwa, au mpira wa tabo umepasuka. Moshi wa buluu ni oili inayoungua: ringi za pistoni, sili za vali, au tabo yenyewe. Moshi mweupe, gari likiwashwa asubuhi, ni mafuta yasiyoungua. Lakini ukiendelea na injini imekwisha pata moto, na maji ya rejeta yapungua, huenda gasketi ya silinda hedi imekwisha. Hakuna hata moja katika maradhi haya linaloponywa kwa kukata bomba. Na kuzidisha mafuta kwenye pampu huzidisha joto, hata pistoni zikaweza kuungua. Nguvu inayopatikana leo hulipwa kesho kwa injini.

Jambo la pili lawahusu wenye magari ya miaka ya karibuni. Magari haya yana vitu vitatu ambavyo mafundi hupenda kuving'oa. Kuna vali inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza joto la mwako, na kwa hivyo kupunguza hewa kali za naitrojeni. Kuna masega, ambayo huunguza kaboni monoksaidi na mabaki ya mafuta. Na katika mengi ya miaka ya karibuni zaidi kuna chujio la masizi, linalozuia zaidi ya asilimia 90 ya masizi yasitoke. Chujio hilo hujisafisha lenyewe kwa kuyaunguza masizi katika joto la nyuzi 550 hadi 600 za Selsiasi. Gari linalokwenda dukani na kurudi halipati joto hilo, basi huziba, na mwenyewe hudhani ni bovu. Dawa yake ya kwanza ni kulipeleka safari ndefu yenye mwendo wa sawasawa, na kutafuta kilicholeta masizi mengi. Vali ikiziba, nayo isafishwe, isizibwe. Akivitoa vitu hivi, mwenye gari huwa ameondoa kile kilichokuwa kikiwakinga jirani zake.

Wala msidhani twasema kuwa kugeuza bomba la moshi ni kosa siku zote. Mwaka 1999 Gavana wa Tokyo, Ishihara Shintaro, aliwaonyesha watu chupa yenye masizi ya dizeli, akitangaza vita juu ya moshi huo. Tangu Oktoba 2003, Tokyo na mikoa mitatu ya jirani iliyakataza malori na mabasi ya dizeli yasiyofikia kipimo cha masizi. Gari likisha kupita miaka saba tangu kuandikishwa, mwenyewe alikuwa na njia mbili: alifunge chujio au kifaa cha kusafisha moshi kilichokubaliwa na serikali, au aliondoe katika eneo hilo. Huko nako magari makuukuu yaligeuzwa mabomba, lakini yaligeuzwa ili yasafishe.

Sisi ndio tunaopokea magari ya wenzetu. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza katika mwaka 2020 kuwa baina ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na sehemu kubwa kuliko zote ilikuja Afrika. Hapo zamani mtu angeweza kusema kuwa mafuta yetu ni machafu, na vifaa hivi haviwezi kudumu. Lakini mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Udhuru huo umepungua sana. Na madhara yamejulikana: Juni 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika daraja la kwanza la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu.

Mwenye gari kuukuu lisilokuwa na masega tangu kiwandani asikimbilie kununua. Masega yakifungwa kwenye injini inayotoa moshi mweusi hujaa masizi na kuziba. Kwanza iponywe injini, bomba liwe zima, na mdomo wake utoke nje. Hayo matatu yamo katika uwezo wa wengi wetu.

Wanachama, katika msimu wa mavuno sote hupakia wachumaji nyuma ya magari alfajiri, akina mama na vijana, na mvua ikinyesha huwafunika kwa turubai. Tunaomba kila mwenye gari, kabla ya kumpakia mtu, ainame atazame mdomo wa bomba lake ulipo. Kama uko chini ya bodi, asipakie watu mpaka aupeleke nje. Aweke mkono karibu na maungio injini ikiwa baridi, ndipo iwashwe, asikilize kama kuna pumzi inayovuja. Na gari lisiachwe likiunguruma kando ya majamvi ya karafuu. Hakuna anayetaka kununua karafuu zilizolala katika masizi.

Bomba la Malolo lingali zima, na gari la Chama bado lafanya kazi. Mtoto yule, tumepata habari zake, ni mzima na anacheza. Gharama ya kutengeneza ilipungua kuliko tulivyohofia, na laiti tungaliitoa mapema. Mwanachama atakayependa kutazama namna bomba lilivyofungwa na aje ofisini. Gari liko uani, naye ataonyeshwa.