Mwalimu Aliye Kitini

Katika nyumba zetu nyingi yumo mzee aliyekuwa akienda msikitini na kwa majirani kwa miguu yake, na leo hakivuki kizingiti. Pengine kiti cha magurudumu kipo, kimeletwa na jamaa au wahisani, lakini kimekunjwa nyuma ya mlango: uchochoroni hakipiti, na kikifika mchangani huzama. Nasi husema ni kudra, tukanyamaza. Maradhi na uzee ni kudra. Kiti kisichopita mlangoni ni kazi ya mtu aliyekiunda bila ya kuijua nyumba kitakamoingia.

Haja hiyo si ndogo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 yaeleza kuwa zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wahitaji angalau kifaa kimoja cha kuwasaidia, kama vile miwani, kifaa cha kusikilizia, mguu wa bandia au kiti cha magurudumu. Kwa kuwa wazee wazidi kuongezeka, idadi hiyo yatarajiwa kufikia bilioni 3.5 ifikapo mwaka 2050. Karibu watu bilioni 1 hawavipati vifaa wanavyovihitaji. Katika baadhi ya nchi maskini huvipata watu 3 tu kati ya kila 100 wenye haja navyo. Katika baadhi ya nchi tajiri hufika 90.

Kwa sababu hiyo, viko vyuo vikuu vinavyowapeleka wanafunzi wao ng'ambo wakajifunze utafiti wa vifaa hivi pale pale vinapotumiwa. Kisa kimoja kilianza kwa majirani zetu. Mwaka 2005 Amos Winter, mwanafunzi wa uhandisi katika chuo cha MIT huko Marekani, alikwenda Tanzania kuchunguza hali ya viti vya magurudumu. Aliona kuwa kiti cha kawaida humchosha mtu upesi katika njia mbovu. Baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono yafika mbali, lakini ni kubwa mno kuingia nyumbani. Mtu alihitaji kiti kimoja cha kumfikisha sokoni na kumrudisha hadi chumbani.

Winter na wenzake wakabuni kiti chenye wenzo mbili, kilichoundwa kwa minyororo na vipuri vya baiskeli, ili kikiharibika fundi wa baiskeli aweze kukitengeneza. Mwendeshaji akishika wenzo kwa juu hupata nguvu za kupanda mlima. Akishika kwa chini huenda kwa kasi kwenye tambarare. Akifika nyumbani huzichomoa wenzo hizo, akakitumia kama kiti cha kawaida.

Mashallah, wazo lilikuwa zuri. Lakini kiti kilipojaribiwa Afrika Mashariki, waliokikalia hawakuficha neno: nje chafaa, ndani ni kipana na kizito mno. Wahandisi hawakubishana nao. Walirudi kazini, wakapunguza upana na uzito, kisha wakakipeleka kujaribiwa Guatemala na India. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Katika kisa hiki mwanafunzi alikuwa ndiye mwenye vitabu, na mwalimu alikuwa ndiye aliye kitini.

Hapa ndipo penye funzo kwetu. Mtafiti au fundi akibisha hodi, mara nyingi sisi jamaa humjibia mzee au kijana mwenye ulemavu ilhali yupo hapo hapo, asikia na ana la kusema. Tumwache aseme mwenyewe. Nawe mama, unayemwinua mkweo kutoka kitandani kila alfajiri, usidhani hujui kitu kwa kuwa hukusomea uhandisi. Wewe wajua upana wa mlango, kimo cha ngazi ya msalani, na mahali mkono unapoteleza. Kabla ya kukipokea kiti, pimeni mlango, mkajaribu kukipitisha njia yake ya kila siku, na muulize vipuri vyake hupatikana wapi. Kuuliza si kukosa shukrani. Katiba ya Kenya, katika kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo.

Na mwana au binti mwenye hamu ya elimu hii, si lazima avuke bahari. Huko Moshi, penye hospitali ya KCMC, chuo cha TATCOT kilichoanzishwa mwaka 1981 kimewafunza mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika. Awe Moshi au Marekani, tumuage kwa dua na wasia mmoja: kabla hujaunda chochote, keti kwanza na bibi yako umsikilize.