Kupima Nguvu za Injini Kongwe: Mfano wa Ngomeni

Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ina nafasi yake katika historia ya injini. Kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa baharini karibu na kijiji hicho, roketi ya Scout ilirusha setilaiti ya San Marco 2 tarehe 26 Aprili 1967, na nyingine ikarusha Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Roketi hizo zilichoma fueli yabisi. Kila injini iliwashwa mara moja tu, kazi ikaisha. Magari yaendayo kati ya Ngomeni na Malindi huzua swali la kinyume: baada ya kilomita 200,000 au zaidi, injini imebakiwa na nguvu kiasi gani? Kwa mnunuzi wa gari kuukuu, akiba ya miaka hutegemea jibu hilo. Makala haya yanafafanua namna linavyopatikana.

Yafaa kwanza kubainisha dhana. Katika mazungumzo ya kawaida, neno nguvu hujumuisha mambo matatu: kani, yaani msukumo, kawi, yaani uwezo wa kufanya kazi, na kasi ya kuifanya kazi hiyo. Injini hupimwa kwa dhana ya tatu, na kipimo chake ni wati au nguvu-farasi. Nguvu-farasi moja ni takriban wati 746.

Kwa hiyo, saa na mizani vyaweza kutoa makadirio. Chukua gari lenye uzito wa kilo 1,200 pamoja na dereva, likiongeza mwendo kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa kwenye barabara tambarare, iliyonyooka na isiyo na magari. Kawi ya mwendo huongezeka kwa jouli 222,000 hivi. Likitumia sekunde 8, hizo ni kilowati 28. Likitumia sekunde 10, ni kilowati 22. Injini yenyewe hutoa zaidi ya hapo, kwani sehemu nyingine humezwa na upepo, gia na magurudumu. Jaribio hurudiwa pande zote mbili za barabara ili athari ya upepo wa pwani isawazishwe.

Aidha, mahali pa kupimia pana uzito wake. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza kama sehemu moja kwa kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Gari lililochoka likiteremshwa Ngomeni huonekana limepata ujana, ijapokuwa joto la pwani hupunguza faida hiyo kidogo. Ulinganisho wa haki ni wa gari lilo hilo, mahali pale pale.

Hata hivyo, saa haitaji chanzo cha udhaifu. Kichungi kilichojaa vumbi, plagi mbovu, breki zinazokwama au klachi inayoteleza huweza kulegeza gari lenye injini nzima. Hayo yakisharekebishwa, fundi hupima mgandamizo. Injini ikiwa na joto, hutoa plagi zote, huzuia mafuta na umeme wa plagi, hufungua njia ya hewa kikamilifu, kisha huzungusha injini kwa stata huku geji ikiwa kwenye silinda moja baada ya nyingine. Silinda zikishuka zote kwa pamoja, huenda ni uchakavu wa jumla; moja ikiachana na wenzake, hiyo ndiyo yenye kasoro. Kisha hutia kijiko cha oili katika silinda dhaifu na kupima tena. Geji ikipanda, ringi za pistoni zimelika, kwa kuwa oili imeziba mwanya wake kwa muda. Isipopanda, hushukiwa vali au gasketi ya kichwa cha injini.

Yabainika basi kwamba idadi ya kilomita pekee si hukumu. Mita ya kilomita huweza kurudishwa nyuma, na gari lililobadilishiwa oili kwa wakati huweza kulishinda lililotembea nusu ya safari zake. Saa huonyesha kiasi cha nguvu zilizopungua. Geji huonyesha zinakopotelea. Mnunuzi anayetaka vyote viwili kabla ya kulipa hajalidharau neno la muuzaji. Ameiachia injini ijieleze.