Mafua ya Mtoto Yanaposhuka Kifuani

Kila majira ya mvua na baridi darasa letu la wadogo hubaki na mikeka mitupu. Tukiuliza, tunajibiwa, "Ana mafua tu, ustadhi." Neno hilo "tu" ndilo lililotufanya tuandike.

Homa ya mafua huletwa na virusi. Virusi hivyo huchubua utando wa njia za hewa, wenye vinyweleo vidogo mno vinavyofagia makohozi na uchafu. Ufagio ukiharibika, bakteria hupata njia ya kushuka. Vifuko vya hewa mapafuni hujaa majimaji na usaha, na mtoto hukosa hewa hata akivuta kwa nguvu. Hiyo ndiyo nimonia, ambayo wazee huiita kichomi. Katika janga la mwaka 1918, wengi waliokufa waliuawa na nimonia iliyofuata mafua.

Watoto wengi hupona kwa wiki moja. Anayetutia hofu zaidi ni yule aliyekwisha pata nafuu, akacheza, kisha homa ikamrudia na kikohozi kikazidi.

Ninyi wanafunzi ndio mnaobaki na wadogo zenu, basi jifunzeni kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunueni kifua. Hesabuni kinavyoinuka kwa dakika moja kamili, saa mkononi. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya mwaka ni 50, na kuanzia mwaka 1 hadi 5 ni 40. Ikifika hapo, mwambieni mama ampeleke zahanati siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, midomo ikigeuka buluu, akilegea au akishindwa kunyonya, ni hospitali usiku huo huo. Msingoje alfajiri.

Wazazi watuwie radhi kwa hili: kukata kimeo hakutibu kichomi, ni kumwongezea mtoto jeraha. Aspirini nayo asipewe, yaweza kudhuru ini na ubongo. Wala asipewe antibiotiki zilizobaki kabatini. Haziui virusi, na nimonia ya bakteria hutaka dawa kamili kwa kipimo cha mganga.

Na mwanafunzi mwenye homa abaki nyumbani. Hatutamwandika mtoro.