Sura ya 6: Punda Aishi, Mzigo Ufike

Tarasaa, jirani ya Ngao katika delta ya mto Tana, ina bodaboda na matatu za Garsen na Malindi. Lakini madumu ya maji, kuni, magunia ya mahindi na maembe ya msimu bado hufika mlangoni kwa mgongo wa punda au kwa mkokoteni anaouvuta. Punda akichechemea, mama wa nyumba anarudi kubeba dumu kichwani, mtoto anachelewa shule, na mazao yanaozea shambani. Afya ya mnyama huyu ni sehemu ya uchumi wa nyumba, ingawa hatajwi mara nyingi mifugo inapohesabiwa.

Sura hii inaeleza kazi ya hifadhi ya punda na mifugo mingine: mahali panapopokea mnyama aliyejeruhiwa, aliyetelekezwa au aliyezeeka. Wengi wakisikia neno uokoaji huwaza tukio moja kubwa, mnyama anatolewa mikononi mwa mkatili na hadithi inaishia hapo. Kazi halisi ni ya kurudiarudia: maji, kwato, vidonda, kinyesi, daftari. Na nusu ya kazi hiyo hufanyika nyumbani kwa mwenye punda. Kwa hiyo hifadhi inayoifaa delta ya Tana ni ile inayomtibu mnyama na kumrudisha kwa mwenyewe, huku mwenyewe akiwa amejua kilichomuumiza.

Kwa nini punda, wala si farasi

Hifadhi za Ulaya na Marekani zimejaa farasi. Kwetu farasi hakupata makao. Ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao virusi vyake huenezwa na visubi, unaweza kuua farasi tisa kati ya kumi wasio na kinga; punda wengi huambukizwa bila kuugua sana. Mbung'o nao, wapenda vichaka vya kando ya mto, hueneza nagana, ugonjwa unaommaliza farasi haraka.

Punda ni mwenyeji. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science ulionyesha kwamba punda wa dunia nzima wanatokana na ufugaji ulioanza Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika yapata miaka 7,000 iliyopita. Mwaka 1970 mwanasayansi Mkenya Geoffrey Maloiy alichapisha uchunguzi wake juu ya punda wa Kisomali: mnyama aliyekosa maji hadi akapoteza asilimia 30 ya uzito wake aliweza kuurudisha kwa kunywa kwa dakika chache tu.

Uvumilivu huo ndio unaomponza. Ng'ombe akiumwa hulala, mbuzi hulia. Punda husimama kimya, akaendelea kubeba. Mwenyewe anapogundua kwamba kuna tatizo, mara nyingi ugonjwa umekwisha kukomaa.

Mfano wa Lamu

Mfano bora tunao jirani. Lamu ni mji wa vichochoro ambamo gari halipiti, na mawe, mchanga na saruji za kila nyumba hubebwa na punda. Mwaka 1985 Dkt. Elisabeth Svendsen, mwanzilishi wa shirika la Uingereza liitwalo The Donkey Sanctuary, alifika huko akasikitishwa na hali ya wanyama aliowaona. Mwaka 1987 kituo kikafunguliwa mjini, na punda wakaanza kutibiwa na kupewa dawa za minyoo bila malipo.

Kituo hicho hakikuwanyang'anya watu punda wao. Mnyama huletwa, hutibiwa, na akipona hurudi kazini. Wanaobaki ni wachache ambao umri au ulemavu umewamalizia kazi. Kwa miaka mingi kumekuwa pia na shindano la punda walio katika hali bora, ambapo mmiliki wa mnyama mwenye mgongo safi na mwili mzuri hupewa zawadi mbele ya wenzake. Faini humfundisha mtu kumficha punda mgonjwa. Zawadi humfanya amlete hadharani. Kwa Tarasaa, ambako punda ni wa mtu maskini na ndiye kitega uchumi chake, njia hiyo ina maana kuliko ile ya kujenga ua mkubwa na kuujaza wanyama.

Mzunguko wa asubuhi

Siku ya hifadhi huanza kwa kutazama. Kabla ya kumgusa mnyama yeyote, mhudumu husimama pembeni akawaangalia wote. Nani amejitenga? Nani amelegeza masikio, nani anaupumzisha mguu wa mbele? Punda mzima anaweza kupumzisha mguu wa nyuma, lakini akiinyoosha miguu ya mbele na kuuegemeza mwili nyuma, kwato zinamuuma.

Kisha kinyesi. Madonge mazuri hushikana na huvunjika yakibanwa. Kinyesi kikavu, kidogo, chenye ute ni dalili ya maji kupungua au tumbo kusokota. Halafu vipimo: joto la punda mzima wa makamo ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.8, moyo hupiga mara 36 hadi 52 kwa dakika, na pumzi huwa 12 hadi 28. Jua la Tana huweza kuvipandisha vipimo hivi, ndiyo maana huchukuliwa mapema, kivulini.

Linalotisha kuliko yote ni punda aliyekataa chakula. Mwili wake huanza kuyeyusha mafuta na kuyamwaga kwenye damu, ini likazidiwa, na mnyama akafa kwa siku chache hata kama kilichomfanya aache kula kilikuwa kidogo: jino bovu, mshtuko, au kutenganishwa na mwenzake. Punda hushikamana wawili wawili. Mmoja akitibiwa ndani, mwenzake huletwa karibu. Mmoja akifa, mwenzake huachwa na mwili hadi aondoke mwenyewe. Akinyimwa nafasi hiyo huenda akazunguka akiita na kususa chakula.

Kwato na mgongo

Anayetaka kujua ubora wa hifadhi aangalie kwato. Fundi humwendea punda begani, akashusha mkono taratibu nyuma ya mguu mpaka karibu na kifundo, akabana kidogo kwenye mshipa; punda aliyezoeshwa huinua mguu mwenyewe. Kwa kulabu butu fundi hukwangua tope kuanzia kisigino kuelekea ncha, akiikwepa ile pembetatu laini iliyo katikati ya unyayo. Hunusa. Harufu ya uvundo ni kwato zinazooza kwa kusimama kwenye matope. Hubonyeza pande zote. Punda akishtuka, kuna usaha au mwiba. Kwato hukatwa na kusawazishwa kila baada ya wiki 6 hadi 10, kwa sababu ukwato mrefu huupinda mguu mzima na kuchosha viungo.

Mwiba unaosumbua sana huku ni wa mathenge, mti ulioletwa Kenya kutoka Amerika na kuenea katika kaunti ya Tana River. Mwiba wake huingia ndani, ngozi ikajifunga juu yake. Hapo pepopunda hupata njia, kwani vimelea vyake huishi kwenye udongo na samadi na hupenda kidonda kisichopata hewa. Masikio hukakamaa, utando wa ndani ya jicho hujitokeza, taya hufunga. Matibabu ni magumu na ya gharama. Chanjo ni nafuu. Hakuna mnyama anayepaswa kupita mlangoni mwa hifadhi bila kuchanjwa.

Vidonda vya mgongo vina chanzo kimoja kikubwa: uzito unaokaa juu ya uti. Shogi nzuri, yaani tandiko la kubebea mzigo, huwa na mito miwili, mmoja kila upande, na katikati huachwa mfereji ili mfupa usiguswe. Kidonda huoshwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Oili chafu ya gari, ambayo bado watu huipaka, huunguza nyama na kuchelewesha kupona.

Chakula nacho ni somo. Punda wa kilo 150 anahitaji takriban kilo 2 hadi 2.7 za chakula kikavu kwa siku, kingi kikiwa nyuzinyuzi: nyasi kavu, mabua, majani ya mpunga yasiyo na ukungu. Kumwaga debe la mahindi kwa mnyama aliyekonda, kwa huruma, ni kumuumiza. Wanga mwingi kwa ghafla huleta msokoto wa tumbo na maumivu ya kwato. Anenepeshwe polepole.

Karantini

Hifadhi ya delta haiwezi kuwa ya punda peke yao. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo zaidi ya milioni mbili nchini Kenya, na walionusurika walibaki mifupa. Mbuzi mayatima, ndama dhaifu na kondoo waliochukuliwa na maji watafika mlangoni, na kila mgeni anaweza kuwa amebeba ugonjwa.

Kwa hiyo mgeni hukaa kwenye zizi lake, mbali na wengine, kwa wiki tatu. Ana ndoo yake na mhudumu wake, au ahudumiwe mwisho. Hukaguliwa kupe na kupimwa damu kwa ajili ya nagana. Dawa za ugonjwa huo hupimwa kulingana na uzito, maana dozi kubwa ni sumu kwa punda. Baada ya mafuriko tahadhari huongezwa. Mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa wa 2006 na 2007, uliofuata mvua kubwa, uliikumba kaskazini-mashariki na pwani, Tana River ikiwemo, na ukaua watu zaidi ya 150 nchini. Kondoo wengi wakiharibu mimba kwa pamoja, mhudumu asiguse kitu bila glavu, na daktari wa mifugo wa serikali ajulishwe siku hiyohiyo.

Mto ukifurika, kama ulivyofanya 2018 na tena mwishoni mwa 2023, sheria ya kwanza ni moja: fungua kamba. Mnyama aliyefungwa hana pa kukimbilia. Zizi la hifadhi lijengwe mahali pa juu, na nyasi kavu ziwekwe kwenye jukwaa.

Soko la ngozi

Mwaka 2016 punda wa Kenya alipata adui mpya. Machinjio yenye leseni yalimchinja kwa ajili ya ngozi, inayochemshwa China kutengeneza dawa iitwayo ejiao. Ripoti ya taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ya mwaka 2019 ilihesabu punda 301,977 waliochinjwa kati ya 2016 na 2018, sawa na asilimia 15.4 ya punda wote. Jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja, hivyo kasi hiyo haiwezi kufidiwa. Wizi wa usiku ukaenea. Februari 2020 Peter Munya, waziri wa kilimo wa wakati huo, aliamuru machinjio yafungwe, suala likafika mahakamani, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku biashara hiyo barani. Hifadhi husaidia utekelezaji kwa kuweka kumbukumbu na alama za punda, ili aliyeibiwa aweze kutambuliwa.

Swali la mwenye punda

Kila mhudumu ataulizwa swali moja. Atasema, "Mama, huyu apumzishwe siku kumi." Naye atajibiwa, "Sawa mwanangu, lakini maji nitayabeba na nini?" Hifadhi isiyo na jibu itamwona punda yuleyule kesho kutwa akiwa na mzigo uleule. Majibu yapo: kwa kidonda cha mgongo, mkokoteni wa kuazima wenye mkanda wa kifuani usiogusa jeraha; chama cha majirani wanaopokezana punda; na kwa mnyama anayepata nafuu, madumu mawili badala ya manne. Wahenga walisema punda afe, mzigo wa bwana ufike. Mwenye punda wa leo hana wa kumbadilisha, na akifa mizigo yote ya mbele haitafika.

Hapo ndipo daftari linapothibitisha thamani yake. Kila mgonjwa huandikwa: kijiji, kazi, aina ya jeraha, chanzo. Yakijitokeza majeraha ya chini ya mkia kutoka kijiji kimoja, tatizo ni kamba inayozuia mzigo usitelezee mbele, na dawa yake ni siku moja ya kuwafundisha watu kuizungushia kitambaa laini au mpira wa tairi uliofunikwa vizuri. Vidonda vya midomo vikizidi, kuna fundi anayeuza lijamu za waya, naye anaweza kufundishwa kutengeneza bora. Hifadhi ipimwe kwa ukurasa wa mwaka unaofuata wa daftari hilo: majeraha ya chanzo kilekile yakipungua, imefanya kazi yake, hata kama zizi lake liko tupu.