George Inn ya London: mwenye baa asiye na nyumba

Waingereza wana neno linalochanganya. Anayeendesha baa humwita "mwenye nyumba", hata kama naye ni mpangaji anayelipa kodi. Historia ya George Inn, baa ya zamani iliyoko Southwark, kusini mwa Mto Thames jijini London, inaonyesha kwa nini tofauti hiyo ni kubwa.

Zamani msafiri aliyetoka kusini aliingia mjini kwa Daraja la London, na lango lake lilifungwa usiku. Aliyechelewa alilala Southwark. Ndiyo maana barabara ile ilijaa nyumba za wageni zenye vitanda, chakula, bia na mazizi ya farasi.

Mwaka 1676 moto uliteketeza sehemu kubwa ya Southwark, George ikiwemo. Mwaka uliofuata ikajengwa upya, ikiwa na roshani ndefu za mbao zinazotazama uani. Humo uani magari ya farasi yalishusha abiria. Mwenye baa alipata riziki mara mbili: abiria alilipia chumba na chakula, na farasi walilipiwa malisho.

Mwaka 1836 kituo cha reli cha London Bridge kilifunguliwa jirani. Kadiri reli ilivyoenea, abiria waliacha kulala njiani. Baadaye kampuni ya reli ya Great Northern iliichukua George kwa ajili ya mizigo yake, na mwaka 1889 ikabomoa pande mbili za jengo. Amelia Murray, aliyeendesha baa, hakuwa na la kusema juu ya kuta hizo. Alichoweza ni kuendelea kufungua mlango kila siku kwenye upande uliobaki. Bintiye Agnes akaja kuipokea kazi hiyo.

Mwaka 1937 kampuni ya reli iliyorithi jengo hilo ililikabidhi kwa National Trust, shirika linalohifadhi majengo ya kale. Leo George ndiyo pekee ya aina yake iliyobaki London yenye roshani zile, na bado inauza bia.

Basi unapokodi fremu ya duka au mgahawa, kumbuka akina Murray. Wateja wanakujua wewe, lakini mwenye kuamua ukuta ubaki au uanguke ni yule ambaye jina lake limo kwenye hati. Soma mkataba wako kabla hujapaka rangi.