Kompyuta Iliyozimwa Hailali Kabisa

Ndugu viongozi wa wakimbizi wa ndani, Uvira na kandokando ya Ziwa Tanganyika, orodha za familia mara nyingi hutunzwa ndani ya kompyuta. Tangu 2008, kompyuta nyingi zenye prosesa ya Intel zina kifaa kidogo cha usimamizi kilichofichika. Chaweza kufanya kazi hata mashine imezimwa, mradi umeme unaifikia.

Mwezi wa Mei 2017 ilitangazwa kasoro: pale usimamizi wa mbali ulipowashwa, mtu aliweza kuingia bila neno la siri. Marekebisho yalitolewa, lakini mashine kuukuu huenda hazikuyapata.

Kwa hiyo, mwombeni fundi azime usimamizi huo na kuweka marekebisho. Usiku chomoeni waya za umeme na mtandao. Majina yasiyo ya lazima msiyaandike: orodha ikivuja, familia ndizo zinazotafutwa.