Vidole viwili vilivyogoma: maisha ya mpiga piano Leon Fleisher

Ndugu zangu, kuna kazi ambazo ukizitazama kwa mbali unadhani ni starehe tupu. Kupiga piano kwenye kumbi za muziki wa klasiki ni mojawapo. Jamaa kavaa suti nyeusi, kakaa, kapiga, kapigiwa makofi, kaondoka. Leo nataka tumwangalie mtu mmoja wa kazi hiyo, Mmarekani Leon Fleisher, kwa sababu maisha yake yanagusa swali linalotuhusu wengi: kama unaishi kwa kutegemea mikono yako, halafu mkono ukagoma, unabaki na nini?

Fleisher alizaliwa San Francisco mwaka 1928. Wazazi wake walikuwa wahamiaji wa Kiyahudi, na baba yake alikuwa fundi kofia. Mtoto alianza piano akiwa na miaka 4, na alipofika 8 alikuwa ameshapiga mbele ya watu. Muda si mrefu akapokelewa na Artur Schnabel, mmoja wa wapiga piano wakubwa wa enzi hizo. Schnabel alifundishwa na Leschetizky, Leschetizky na Czerny, na Czerny na Beethoven mwenyewe. Katika fani hii ujuzi hupita mtu kwa mtu, kama fundi anavyomrithisha mwanagenzi wake.

Mwaka 1944, akiwa na miaka 16 tu, alipiga na New York Philharmonic. Mwaka 1952 akashinda shindano la Malkia Elisabeth kule Brussels, Mmarekani wa kwanza kufanya hivyo. Kisha akarekodi konseto zote 5 za Beethoven na zote 2 za Brahms pamoja na okestra ya Cleveland chini ya George Szell. Rekodi hizo bado zinasikilizwa hadi leo.

Sasa ndipo balaa lilipoanza. Mwaka 1964, akiwa na miaka 36, kidole cha pete na kidole cha mwisho vya mkono wa kulia vilianza kujikunja vyenyewe kuelekea kiganjani. Yeye akafanya ambalo wengi wetu tungefanya: akazidisha mazoezi. Hali ikazidi kuwa mbaya. Ziara ya Urusi ya Kisovieti aliyotakiwa kwenda na okestra ya Cleveland mwaka 1965 ikampita. Ndoa yake ikavunjika, na baadaye alikiri kwamba aliwahi kufikiria hata kujiua.

Ugonjwa wenyewe unaitwa distonia. Wengi hudhani ni misuli iliyochoka, lakini hapana, tatizo liko kwenye ubongo. Kwa kawaida ubongo hutuma amri tofauti kwa kila kidole. Kwa baadhi ya watu wanaorudia tendo moja dogo maelfu ya mara, amri hizo huanza kuingiliana. Unataka kunyoosha kidole kimoja, na misuli inayokunja nayo inajibu. Ndiyo maana kukaza mazoezi hakumsaidii mgonjwa: anazidi kurudia kosa lile lile. Na wanaopatwa si wanamuziki peke yao. Wapo watu ambao mkono hukakamaa kila wanaposhika kalamu kuandika. Huo ni ugonjwa wa ukoo huo huo.

Basi Fleisher akafanya nini? Kwanza aligeukia mkono wa kushoto. Bahati nzuri kulikuwa na muziki uliotungwa kwa mkono huo pekee. Paul Wittgenstein, mpiga piano wa Austria, alipoteza mkono wa kulia katika Vita Kuu ya Kwanza, akawaagiza watunzi wakubwa wamtungie kazi mpya. Ravel ni mmoja wao. Konseto yake ikawa mkate wa Fleisher kwa miaka mingi.

Pili, akaanza kuongoza okestra. Tatu, na hapa ndipo mimi namvulia kofia, akazama kwenye kufundisha. Alikuwa ameanza pale Peabody, chuo cha muziki cha Baltimore, tangu 1959. Zamani mwanafunzi akikwama, mwalimu alikaa kwenye piano na kumwonyesha. Sasa hakuweza. Ikambidi atafute maneno ya kueleza sauti inavyopaswa kuwa na kwa nini, na mwenyewe alisema hilo lilimfanya kuwa mwalimu bora zaidi. Yefim Bronfman na André Watts walipita mikononi mwake.

Miaka ya 1990 alianza kuchomwa sindano za Botox, dawa ambayo wengi wanaijua kwa kuondoa makunyanzi usoni. Inalegeza msuli unaojikaza kupita kiasi, lakini haiponyi. Baada ya miezi michache nguvu yake huisha na unarudi kuchomwa tena. Pamoja na kukandwa misuli, zilimrudishia mkono wa kulia, si kama wa ujana ila wa kutosha. Mwaka 2004 alitoa albamu aliyoiita "Two Hands", yaani mikono miwili, baada ya takribani miaka 40. Alifariki Baltimore Agosti 2020, akiwa na miaka 92.

Watu hupenda kuisimulia habari hii kama ya muujiza wa sindano. Mimi siioni hivyo. Kati ya 1964 na sindano ile kuna miaka 30, na ndani yake mtu huyu alijenga wanamuziki wengi kuliko ambao angewajenga akiwa safarini kila wiki. Vidole viligoma, sikio na ujuzi vikabaki.

Kwa hiyo wewe fundi cherehani, kinyozi, mpiga gitaa au mchapaji: mkono ukianza kukataa kazi, usiulazimishe, nenda ukaonane na daktari mapema. Na ujuzi wako mwanzie mtu kumfundisha leo, wakati mkono bado unakutii. Au wenzangu mnaonaje?